Gobore la Nyuma ya Mlango

Siku marisau yalipomwingia mwanangu mguuni sikumtukana mtu. Nilitukana siku kumi na tatu baadaye, saa mbili asubuhi, nikiwa nafua uani, na kuanzia siku hiyo kijiji kizima kinasema mke wa Salimu hana adabu.

Ilikuwa hivi. Zuhura, binti yangu wa miaka sita, alikuwa amekaa kizingitini anakunywa uji, mguu wa kushoto umefungwa bendeji. Upande wa pili wa ua wetu wa makuti ikalia bunduki. Kikombe kikaanguka. Nilipoingia ndani nikamkuta chini ya kitanda, amejikojolea, ameziba sikio moja tu, la kulia. La kushoto halisikii vizuri tangu siku ile, na kumbe mwenyewe anajua.

Nikatoka na mikono ya povu. Jirani yetu, mzee ambaye kijiji kizima kinamwita Babu Mwindaji, alikuwa amesimama nyuma ya choo chake na gobore mkononi, moshi bado unamzunguka.

"Babu! Mtoto yuko chini ya kitanda huku!"

"Mwambie atoke," akanijibu taratibu kabisa. "Nimeshalitoa."

Kwa asiyejua gobore, nieleze. Ni bunduki ya zamani inayolishwa kwa mdomoni. Unamimina baruti, unatia kitambaa, unatia marisau, zile chembe ndogo za risasi, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ya chuma, kisha unaweka fataki, kikofia kidogo kinachowasha baruti. Likishashindiliwa halirudi nyuma. Ukitaka kutoa kilichomo, unalipiga. Usiku ule kijana mmoja alikuwa ameliazima kwenda kulinda mihogo, nguruwe hawakuja, asubuhi akalirudisha na mzigo wake tumboni. Basi mzee akalitoa. Nyuma ya choo, hatua ishirini kutoka kwa mtoto ambaye gobore hilo hilo lilimjeruhi.

Nikamwita mzee mpumbavu. Nikamwita muuaji ambaye bado hajabahatika. Nikasema na mengine ambayo siyaandiki, maana mama mkwe wangu huwa anasomewa. Watu wakatoka majumbani, wakanishika mikono. Kijiji kizima kilisikia tusi. Mlio wa bunduki, ukiwauliza, hakuna aliyeusikia.

Sitaandika mzee alizaliwa wapi wala baba yake nani. Hayo waandike wanaompenda. Mimi nimeishi naye ua kwa ua miaka saba, na ninayoyaandika nimeyaona.

Ni mwembamba, mrefu, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Zamani alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge, na mpaka leo anavaa koti la kaki lisilo na kifungo hata kimoja. Sauti yake ndogo. Hajawahi kumpigia kelele mtu mbele yangu. Mke wake alipokuwa hai alikuwa anachinjiwa kuku na majirani, kwa sababu mzee hawezi kutazama kuku akichinjwa. Anageuka, anakohoa, anasema anakwenda kutazama maji. Sindano ya zahanati anaikimbia. Nilimshikia mkono mimi mwenyewe mwaka alipougua kichomi, akanifinya mpaka nikapata alama, huku anasema, "Mama Zuhura, mwambie afanye haraka, Mungu atamlipa."

Mtu huyo huyo anapiga nguruwe wa kimo cha pikipiki, gizani, kwa shabaha moja.

Na hapa sina budi kusema kweli, ingawa inanichoma. Nilipoletwa hapa kutoka Mabawa mjini, bibi harusi wa kucha za hina, sikujua hata kushika jembe. Alikuwa anapita njiani ananicheka: "Mtoto wa mjini, hilo jembe si mwiko, unakoroga nini?" Mwaka wangu wa kwanza nguruwe waliingia kwenye mahindi yangu, na mume wangu alikuwa Moa na bodaboda yake. Mzee alikaa juu ya dungu langu, kile kichanja cha kulindia shamba, wiki nzima, mvua kichwani, bila kuombwa. Nilivuna. Nilimpelekea ugali wa mahindi mapya na akaukataa, akasema atakula siku nitakayojua kuusonga. Nilimpenda. Ndiyo maana hasira yangu haina mwisho. Adui akikuumiza, ulikuwa umejiandaa.

Nyama alikuwa haiuzi. Akipiga paa, mguu ni wa aliyemuita, mgongo wa wazee, kilichobaki cha watoto. Akipiga nguruwe, anatuma ujumbe kwa wale Wakristo wa kule juu kuelekea Maramba, wanakuja na matenga wanaimba, yeye amesimama mbali kwenye upepo, ameziba pua kwa ncha ya kofia. Wanamtania: "Mzee wetu, onja kipande, Mungu amelala!" Naye anajibu, "Amelala kwenu, kwetu yuko macho." Gobore likiguswa na damu ya nguruwe analiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Nimemwona akihesabu kwa vidole, akikosea na kuanza upya.

Damu ya mwanangu iliruka ikafika kwenye kitako cha gobore lile. Alikipangusa kwa kanzu yake, mara moja tu, akaliegemeza ukutani.

Nyumbani kwake gobore linakaa nyuma ya mlango wa mbele, mahali ambapo watu wengine wanaweka ufagio. Hana kabati wala kufuli. Mlango wenyewe unafungwa kwa kamba ya katani. Ukutani kuna misumari saba, na kwenye misumari zimening'inia manati. Manati za watoto wa kijiji. Akimwona mtoto na manati anamnyang'anya, anampa somo: "Jiwe halina macho. Likitoka mkononi mwako si lako tena." Mama zao tulikuwa tunamshukuru. Nilisimama pale siku moja nimekwenda kuomba chumvi, manati saba machoni pangu na gobore kisiginoni pangu, na sikuona la ajabu. Ndivyo mazoea yanavyofanya. Yanakupofusha ukiwa umesimama.

Na alikuwa analiazimisha. Hodi, Babu, naomba gobore, nyani wameingia. Chukua, mwanangu, fataki ziko kwenye kopo. Kama anayeazima kinu. Mwenyewe alikuwa anasema gobore ni kama mke mkubwa, halitaki mikono ya wageni, na huku kila wiki limelala nyumba nyingine. Nikimuuliza kuhusu sheria, anasema, "Serikali iko mbali, nguruwe yuko hapa." Watu wanacheka, wanaitikia. Nami niliitikia.

Sasa mwezi wa Idi. Kwetu mwezi ukionekana, Babu Mwindaji anapiga gobore juu mara moja, na mlio ule ndio unaoambia mashamba ya mbali kwamba kesho si kufunga tena. Redio tunazo, simu tunazo. Lakini bila mlio wa gobore mama mkwe wangu hakubali kuanza kukanda maandazi. Watoto wanakusanyika uwanja wa msikiti kabla ya magharibi, wanamzunguka, wanasukumana wamuone anavyoshindilia. Zuhura alikuwa mbele. Alikuwa amejaribishwa gauni jipya na akakataa kulivua.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mwezi ukaonekana, watu wakapiga takbira, mzee akainua mtutu, akafyatua. Fataki ikalia tak! Kimya.

"Limekataa!" watoto wakapiga kelele. "Babu, limekataa! Babu kazeeka!"

Kila anayeshika gobore anajua kitu kimoja. Likikataa, liache limeelekea mbinguni, hesabu mpaka hamsini, kwa sababu baruti yenye unyevu inaweza kuwa inaungua ndani kidogo kidogo. Yeye ndiye aliyewafundisha wanaume wote wa hapa. Lakini watoto walikuwa wanamcheka. Akalishusha ili alitazame lina nini. Likalia likiwa limeelekea chini kwenye mawe, na marisau yakaruka kutoka kwenye mawe.

Watoto walikuwa kumi na tano pale. Akaumia mmoja. Watu wakasema alhamdulillahi, mmoja tu. Walisema mbele yangu, nimembeba mmoja wao huyo.

Kwenye bodaboda, mtoto katikati yetu, mume wangu akaniambia, "Tukifika sema fataki za Idi, zile za kuchezea watoto. Ukisema bunduki wataita polisi, mzee atalala ndani sikukuu." Tulipofika hospitali akasema yeye, fataki. Mimi nikanyamaza. Tabibu akanitazama, akatazama marisau matatu aliyoyatoa mguuni na kuyaweka kwenye kisahani, akanitazama tena. Nikaangalia ukuta. Huo ni uongo wangu wa pili kwa ajili ya mzee yule. Wa kwanza nitausema.

Siku ya pili ya Idi wazee wakakaa kikao. Mzee mwenyewe alikaa mkekani, kichwa chini. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia mzee atatoa mbuzi, atasomewa mtoto dua, jambo liishe.

"Na gobore?" nikauliza.

"Gobore limefanya nini?"

"Gobore liondoke."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema, "Mama Zuhura, gobore likiondoka, nguruwe utawafukuza kwa hicho kisomo chako cha sekondari?" Nikasema tutakesha kwenye madungu kwa zamu na madebe kama walivyofanya bibi zetu, na tutaomba askari wa wanyamapori mpaka waje. Wakasema askari hao nimeshawaona wapi. Kweli, sijawaona. Hoja yao ina miguu, siwezi kuikataa. Lakini nilitazama mkeka mzima na hakukuwa na hata mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na bendeji. Uhuru wa mtu kushika bunduki ni mtamu sana ukiwa hujui mdomo wake utaelekea kwa nani.

Mama mkwe akanivuta kando. "Mkaza mwana, pokea mbuzi. Mambo ya ndani hayapelekwi wilayani."

Mbuzi sikupokea. Lakini nilinyamaza. Nilinyamaza siku kumi na tatu, mpaka asubuhi ile ya kufua.

Siku mbili baada ya tusi, alasiri, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, na koti lake, mikono mitupu isipokuwa mfuko wa plastiki.

Kwetu mdogo akimwona mkubwa anatoa shikamoo hata kama amekosana naye, hata kama wako mahakamani. Sikutoa. Nilisema, "Karibu."

"Marahaba," akajibu.

Alijibu shikamoo ambayo sikumpa, ili nisiwe mtu ambaye hakuitoa. Ningeweza kumpiga. Alikaa kwenye kibao cha kukunia nazi, akatoa kwenye mfuko karatasi mbili nyeupe, kalamu, na barua ya mwaka jana iliyokunjwa mara nne.

"Muda umefika," akasema. "Niandikie."

Huu ndio uongo wangu wa kwanza. Mzee anasoma msahafu vizuri kuliko wengi, lakini herufi hizi za shule hazijui. Leseni ya gobore inahuishwa kila mwaka kwa barua, na barua hiyo nimemwandikia mimi tangu nilipoolewa. Kwa mkono wangu nimeandika kila mwaka: silaha hutunzwa katika sanduku la chuma lenye kufuli, uvunguni mwa kitanda cha mwombaji, na haiguswi na mtu mwingine. Kwa mwandiko mzuri, na mstari nimepigia kwa rula.

"Andika kama mwaka jana," akasema.

"Babu, sanduku liko wapi?"

"Sanduku gani?"

"La chuma. La kufuli. Niliandika liko uvunguni."

Akatabasamu kidogo. "Si wewe uliyeniambia barua bila sanduku haipiti?"

Ni mimi. Nilimwambia hivyo, nikacheka, nikaandika. Nilihisi uso unaniwaka, na hasira niliyoiweka kwa ajili yake ikabidi niigawe.

"Mwaka huu siandiki."

Hakukasirika. Alitazama ua, akasema, "Mama Zuhura, mtu asiye na kitu mkononi ni mtu wa kuomba. Nguruwe akija, anaomba. Mwizi akija, anaomba. Mimi nimelinda mali za watu ujana wangu wote. Sitaki kufa naomba."

"Na Zuhura alikuomba nini?"

Akaikunja ile barua ya mwaka jana. Kisha akasema, "Zuhura ni mjukuu wangu. Muite nimuone."

Nikaita. Hakutoka. Sauti ikaja kutoka chumbani:

"Mama, analo?"

"Hana. Njoo."

"Liko wapi?"

Nikamgeukia mzee. Akajibu yeye, kwa ile sauti yake ndogo: "Liko nyumbani, mama. Liko mbali."

"Nyuma ya mlango?"

Nilimtazama usoni wakati mtoto anauliza hivyo, na nakiri nilifurahi. Nilikuwa nimengoja siku kumi na tano kuona kitu kikimwingia. Alilivuta koti lake lisilo na kifungo, akalifumba kifuani. Mtoto hakutoka.

Nikachukua karatasi zake na kalamu yake nikaandika. Aliniangalia mkono unavyokwenda, nadhani alidhani nimelainika. Nilipomaliza nikamsomea yote, neno kwa neno, kama nilivyokuwa nikimsomea miaka yote. Alisikiliza amefumba macho, kama mtu aliye kwenye hotuba ya Ijumaa. Mwisho akasema:

"Hapo kwenye sanduku, utafungwa wewe."

"Tutafungwa pamoja."

"Una mtoto mgonjwa."

"Ndiyo maana."

Akainuka, magoti yakalia. Nilingoja aniombe. Nilitaka aniombe, ili nimkatalie. Akanyoosha mkono tu, akasema, "Kalamu yangu," nikampa, akaenda zake.

Mume wangu alikataa kunipeleka polisi wilayani. Nilipanda bodaboda ya mtu mwingine na Zuhura mbele yangu. Kituoni askari aliisoma mara mbili, akauliza kama nina hakika na sehemu ya mwisho, nikasema nina hakika, akaigonga muhuri. Nakala ni hii.

Kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SILAHA AINA YA GOBORE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii haipitii kwa uongozi wa kijiji kwa sababu uongozi ulinitaka ninyamaze.

Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa miaka sita, aliyejeruhiwa mguu na sikio kwa gobore la jirani yangu jioni ya kuandama mwezi wa Idi. Hospitali tulisema ni fataki. Haikuwa fataki. Silaha hiyo haina sanduku wala kufuli. Inaegemezwa nyuma ya mlango, mara nyingine ikiwa imeshindiliwa, na huazimwa na yeyote anayebisha hodi. Mmiliki si mtu mbaya. Sikuja kulalamikia roho yake.

Naomba silaha hiyo ichukuliwe kabla leseni haijahuishwa. Naomba kila aliyeandika kwamba ana sanduku atembelewe na askari aliangalie kwa macho, asiridhike na barua. Naomba pia tusiachwe mikono mitupu mbele ya nguruwe, kwa kuwa tukishindwa kuvuna, magobore yatarudi, na safari hiyo hayataombewa leseni.

Suluhu ya mbuzi nimeikataa. Sijasamehe, na nisiandikiwe kwamba nimesamehe.

Mwisho, barua za miaka iliyopita zilizomo katika jalada la mmiliki, zinazosema kuna sanduku la chuma, niliziandika mimi nikijua halipo. Linganisheni mwandiko. Nikihitajika kuhojiwa nipo nyumbani kila siku, isipokuwa Jumatano, nampeleka mtoto kliniki ya masikio.

Ni mimi,
Mama wa majeruhi, na mwandishi wa barua zote.